Gari la Tanzia Mlimani Kapsokwony

Vijana, karibieni, na yule mwenye simu aiweke mfukoni kwanza. Haitaharibika.

Mimi ni Rosa Nekesa. Kama ulizaliwa Bungoma na masikio yako ni mazima, umenisikia hata kama hujawahi kuniona. Mimi ndiyo ile sauti ya gari jeupe lenye vipaza sauti viwili juu, lililokuwa likizunguka Kabuchai, likipanda Kapsokwony, likifika Kitale mpaka Kachibora, likisema mzee fulani ametutoka, mazishi ni Jumamosi, mwili utatoka mochari asubuhi. Watu waliliita gari la tanzia. Nilitangaza vifo miaka mingi, hadi watoto wakiniona sokoni nachagua nyanya wanawauliza mama zao, "Leo amekufa nani?" Bana, hata nyanya hununui kwa amani.

Sasa nimestaafu. Koo lilikataa kazi, nami nikaona nisibishane nalo. Chifu ameniomba niongee na nyinyi kwa sababu mmepewa jukumu la kutoa habari mvua ikizidi, ama mto ukifurika, ama mlima ukianza kuteremka. Nimeviona vipaza sauti vyenu vipya, vinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Ni vizuri. Lakini kipaza sauti hakina akili. Kinapaza tu kile umekiambia, hata kama ni upuzi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kamau, mwenye gari. Wazazi wake walitoka upande wa kati wakanunua shamba karibu na Kitale, yeye akazaliwa huku, akajua Kibukusu cha kununua na cha kugombana. Alikuwa dereva, fundi wa waya, na mwalimu mkali kuliko wote niliokutana nao shuleni. Kazi yangu ya kwanza naye ilikuwa Kabuchai, wakati maji ya mafuriko yaliingia kwenye visima na watu walitakiwa kuambiwa wachemshe maji ya kunywa. Mimi nikashika maiki kama mheshimiwa: "Ndugu zangu wapendwa, wazee kwa vijana, ningependa kuchukua nafasi hii kuwasalimu na kuwashukuru..." Kamau akakanyaga breki. Akanigeukia.

"We Nekesa, boma ya kwanza wamesikia salamu. Ya pili wamesikia shukrani. Ya tatu ndio labda watasikia chemsha. Hawa wawili wa kwanza umewaambia waharishe?"

Nilinuna mpaka jioni. Lakini alikuwa na haki, na tangu siku hiyo nilifanya alivyosema. Unaanza na jina la mahali, kwa sababu mtu akisikia kijiji chake kimetajwa anaacha jembe na kusimama. Kisha unamwambia la kufanya. Sababu inakuja baadaye, kama kuna nafasi. Gari unalisimamisha na injini unaizima, maana injini inakula maneno. Usipige kelele. Mtu akisikia unapiga kelele anaogopa wewe badala ya kusikiliza habari. Na ukimaliza, nyamaza kidogo, halafu rudia yale yale kwa maneno yale yale, bila kuongeza chumvi. Ukibadilisha maneno, watu wataketi kubishana ni gani ya kweli.

Mnaandika? Si lazima. Ila yule wa nyuma anasinzia, mwamsheni.

Sasa mambo ya simu. Nyinyi mnaniambia ati siku hizi habari iko mkononi. Iko, ndiyo, pamoja na takataka zake. Kuna siku mimi na Kamau tulikuwa Kitale, tumeegesha nje ya soko tukingoja kutangaza mkutano wa wakulima. Ghafla soko likainuka. Watu wanakimbia, vitunguu vinaviringika barabarani, meza zinaanguka. Msusi mmoja alikuwa katikati ya kumsuka mteja, na mteja akakimbia, na msusi hakuachilia ule msuko, basi wakakimbia wote wawili mmoja akimvuta mwenzake nywele mpaka karibu na stendi. Nikashuka nikauliza kuna nini. Ati bwawa limepasuka, maji yanakuja mjini. Kila mtu alikuwa amepata kwa simu sauti ya mwanamke akilia.

Kamau akaniambia, "Uliza, usijibu." Nikashika maiki nikauliza bwawa gani. Nani ameliona kwa macho yake? Kijana mmoja akasema yeye ametumiwa. Aliyekutumia yuko wapi? Akaangalia simu, akaangalia chini, akasema, "Nairobi." Watu wakaanza kucheka, wakaanza kuokota vitunguu. Lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu palikuwa na mama pale amesimama bila kiatu akiita mtoto wake aliyempotea kwenye zile mbio. Alimpata baadaye kanisani, mtu mwema alikuwa amempeleka. Sura ya yule mama naiona mpaka leo. Kwa hivyo habari ikikufikia, kabla hujabonyeza kuituma kwa watu mia, uliza nani ameona, ameona wapi, na ameona lini. Ukikosa jibu, kaa nayo. Haikuli.

Kisha nyumbani kwenu. Mnaenda kuwafundisha watu kujitayarisha na nyumbani kwenu hakuna hata tochi, nawajua. Mimi kwangu kuna kikapu kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna mtu ana ruhusa ya kukigusa, hata mume wangu akitafuta kiberiti cha kuwasha jiko. Ndani kuna redio ndogo. Betri zake ziko nje ya redio, zimefungwa kando kwenye karatasi, kwa sababu zikikaa ndani bila kutumika zinatoa maji na siku unayoitaka redio inakuwa jiwe. Tochi ni hivyo hivyo. Kuna dawa zangu za presha, chumvi, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, vitambulisho na kadi za kliniki za wajukuu ndani ya mfuko mwingine. Na nambari za simu nimeziandika kwa kalamu kwenye kipande cha katoni. Mnacheka? Hebu wewe unayecheka, niambie nambari ya mama yako bila kufungua simu.

Eeh. Nilijua.

Maji ya kunywa tunachemsha na kujaza mtungi mmoja ambao kazi yake ni kungoja tu, nao tunaubadilisha kila Jumapili tukitoka kanisani. Mtaro wa kuzunguka nyumba tunaufukua kabla ya mvua, wakati udongo ni mwepesi, si wakati maji yako mlangoni na kila mtu anatafuta jembe la jirani. Matawi yanayolalia mabati tunayakata. Na radi, jamani, radi ya huku kwetu mnaijua. Kabuchai kulikuwa na mzee ambaye wingu likitanda tu anafunika vioo vyote kwa leso, anaficha nguo nyekundu, kisha anatoka kwenda kusimama chini ya mti aone mvua vizuri. Nilimwambia, "Mzee wangu, funika kioo ukitaka, sikukatazi. Lakini toka chini ya mti, ingia ndani, na uwaite na wale wanaochunga." Alinijibu kwamba mimi sina adabu, lakini aliingia. Mtu mzima usimnyang'anye anachokiamini. Mwongezee tu kile kitamwokoa.

Sasa nifike Kapsokwony, kwa sababu ndiyo nilitaka tangu mwanzo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na mvua ile haikuwa na adabu. Chifu wa kule juu alimtuma mtu wa boda boda mpaka Bungoma atuite, maana stima ilikuwa imepotea na mtandao ukapotea nayo. Juu ya mteremko mmoja, nje kidogo ya mji, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikuwa mpana unaingiza mguu. Miti imeinama kama watu waliochoka. Chemchemi waliyokuwa wakiteka maji safi ilikuwa ikitoa maji rangi ya chai ya maziwa, na watu wa pale walisema milango yao ilikuwa imekataa kufunga bila sababu. Hizo dalili mzishike kichwani. Mlango uliofunga vizuri jana na leo umegoma, angalia ardhi kwanza kabla hujamlaumu seremala.

Familia za ule mteremko zilikuwa zimehamia shule ya msingi, ng'ambo ya bonde, kwenye ardhi ngumu. Wote isipokuwa mmoja, Kogo Chemtai. Kogo kwa lugha yao ni nyanya wa wajukuu, na hivyo ndivyo kila mtu alimwita. Alikuwa mjane, aliishi peke yake, na mguu mmoja ulimsumbua hata kufika chooni ilikuwa safari. Chifu alikuwa amemsihi akashindwa. Basi Kamau akaegesha gari chini kwenye njia ya boma lake, nami nikapanda kwa miguu, nikiteleza na kusimama, nikamkuta ameketi mlangoni anachambua maharagwe kana kwamba hakuna kitu.

"Kogo, habari ya hapa?"

"Ni mzuri. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba uhame."

Akanitazama. "Wewe si ndio ile sauti ya gari?"

"Ndio mimi."

"Wewe unaleteanga watu kifo. Peleka huko kwenu, mimi sijaagiza."

Nikamwonyesha ufa. Akasema ameuona kabla yangu. Nikamuuliza basi kwa nini hatoki, na hapo akaweka maharagwe chini.

"Ile siku ya simu, ile ya bwawa, mimi nilitoka. Walinibeba nikalala kwa darasa, juu ya dawati, na huu mguu. Kurudi, kuku hakuna. Kondoo hakuna. Na hiyo maji hata haikukuja." Uongo ule ule wa Kitale, vijana, ulikuwa umepanda mlima. "Na tena kuna Ndiema. Kijana yangu ako Kachibora, anauza mahindi. Simu haishiki. Yeye anajua mama yake ako hapa. Nikitoka, atanitafuta wapi?"

Nilimkasirikia na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja. Alikuwa amedanganywa mara moja na kuibiwa juu yake, na sasa sisi ndio tulikuwa tunataka atuamini. Na hilo la Ndiema lilikuwa swali la haki kabisa. Familia ngapi zimewahi kukaa mezani zikakubaliana, tukitawanyika tutakutana pale? Nyinyi mmekubaliana? Basi leo mkirudi nyumbani, kabla ya chakula.

Nikateremka. Kamau akasema, "Kama hatembei, abebwe. Ita watu wa ng'ambo." Nikashika maiki nikawaita watu wa shuleni na wa vijiji vya upande ule, wenye nguvu wachache tu, waje na fimbo ndefu za kubebea. Nilisema polepole, nikarudia. Lakini mvua ilikuwa inapiga mabati na mto unanguruma, na ng'ambo kule maneno hayakufika. Kilichofika ni macho. Waliona gari jeupe limesimama chini ya boma la Kogo Chemtai, na mimi nimeshika maiki. Sasa wewe ungefikiria nini?

Walikuja. Mama yangu, walikuja! Mstari mrefu unashuka bondeni na kupanda kwetu, miavuli, viti vya plastiki vichwani, wanawake wamebeba kuni zimefunikwa na nailoni zisilowe, magunia ya mahindi na maharagwe, sufuria kubwa za kanisa, wanaume wamebeba turubai na miti ya kusimamishia tenti. Na kilio mbele. Chifu akakimbia kuwakinga njiani, mikono juu, "Rudini! Rudini, huku ni hatari!" Nani atarudi katikati ya njia ya matanga? Nilisikia mzee mmoja akisema kwa uchungu, "Hata kulia siku hizi inatakiwa ruhusa ya serikali?" Wakampita chifu kama mto unavyopita jiwe.

Tulikuja kumtoa mtu mmoja kwenye ule mteremko, na sasa tulikuwa tumeleta kijiji kizima chini ya ufa. Nikaacha maiki nikakimbia kupanda, uzee na yote, nikipitana na viti.

Kogo alikuwa amesikia kilio akatoka na fimbo yake. Mwanamke wa kwanza kufika langoni alikuwa jirani yake wa miaka yote. Alimwona Kogo amesimama, akaangusha kuni zote.

"Kogo! Si umekufa?"

"Kwa nini nikufe? Unataka shamba?"

Waliokuwa wakilia walisahau kumalizia. Kisha mtu akacheka, na kicheko kikashuka mlima wote, na yule jirani akamkumbatia Kogo akilia kabisa sasa, machozi ya kweli kuliko yale ya kwanza. Kogo mwenyewe alikuwa amekasirika sana. Aliwaangalia na viti vyao, miti yao na sufuria zao. "Mmekuja wote?" akauliza. "Hata hawa wa upande ule hatusalimiani?" Na hapo sauti yake ikabadilika kidogo.

Niliona nafasi imepatikana, nikaitumia. Sikuwa na kipaza sauti, nilitumia koo langu. Nikasema, "Watu wa Mungu, hakuna aliyekufa hapa. Mmekuja mapema, na nashukuru, maana kesho mngekuja na viti hivi hivi. Tazameni pale juu." Wakatazama. Maji yalikuwa yameanza kutoka ndani ya ule ufa, ya matope, yakibeba mawe madogo. Hakuna aliyecheka tena. Nikasema, "Mlikuwa mmekuja kumbeba. Mbebeni akiwa hai."

"Na kuku zangu?" Kogo akauliza.

Jirani yake akainama akamkamata jogoo, akamwinua mbele ya uso wa Kogo. "Unaniona? Huyu ako na mimi. Mimi, si mtu mwingine. Akipotea, njoo kwangu." Basi wakafanya hivyo wote. Kila kuku mtu wake, na kila mtu alipita mbele ya Kogo na kuku kwapani ili amwone. Wanaume walifunga miti ya tenti kwenye kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakamfunika kwa turubai, na alipoinuliwa bado alikuwa ananyoosha kidole: "Ile nyekundu ni wewe umeshika? Sawa, nimekuona. Ng'ombe asipigwe, anaenda na kuitwa!"

Hatukuunda kamati. Hakuna aliyepewa kazi. Vijana, hiki ndicho kitu nataka mkibebe kutoka hapa: watu wetu wanajua kuhamisha nyumba, ila hawajui kwamba wanajua. Matangani kila mtu anajua nafasi yake, nani anashika moto, nani anateka maji, nani anabeba kizito, nani anakaa na mwenye uchungu. Walimwaga ile nyumba yote nje, hata mlango waling'oa, wakavuka bonde kabla mvua haijaongeza. Wewe ukienda na mikutano yako na vitambulisho vyako vya shingoni, uliza kwanza watu hufanyaje mtu akifiwa, halafu ujenge juu ya hiyo.

Shuleni walipika kile walichokuwa wamebeba, kwa sababu kingefanywa nini? Kogo akaketi darasani karibu na mlango akapewa sahani ya kwanza kama anavyopewa mfiwa. Alikula yote. Akaniita, "Wewe wa gari, njoo." Nikaenda. "Nimekula matanga yangu. Chumvi ilikuwa kidogo." Nilicheka nikakaa chini nikalia, sijui hata nilikuwa nalia nini.

Ilipofika magharibi mlima ukashuka. Mlio wake ni kama lori linamwaga mawe, lori ambalo haliishi. Ukakoma. Mtu alianza kuomba kwa sauti ndogo na wengine wakaitikia. Kogo alikuwa ameshika mapajani redio yake, ile waliyoitoa nyumbani kwake.

Kulikuwa na jambo ambalo sisi kule juu hatukulijua. Wakati ule msafara wa kilio ulipokuwa unapanda, mtu mmoja wa boda boda aliuona kwa mbali akiteremka, akauliza gari limesimama kwa nani, akaambiwa. Alipofika mahali simu inashika, alituma. Wa pili akaongeza picha ya mikono inayoomba, wa tatu akaongeza "pumzika kwa amani." Habari ikafika Kachibora, ikamkuta Ndiema akishona magunia ya mahindi.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Pale palipokuwa na boma la Kogo palikuwa na matope mekundu tu, kutoka juu mpaka mtoni, na kipande cha bati kimesimama katikati. Na kwenye matope, ng'ambo yetu, palikuwa na mtu. Alikuwa amevaa suti nyeusi. Alikuwa na jembe, anachimba pale kwenye bati kama mtu aliyepagawa. Jirani akashika kichwa. "Ni Ndiema!"

Juu yake udongo bado ulikuwa unadondoka, bonge hapa, bonge pale. Watu walikimbilia ukingoni wakapiga kelele, wakapunga leso. Mto ulikuwa na sauti kuliko wao. Vijana wawili wakajaribu kuvuka, matope yakawafika kiunoni, chifu akawavuta kwa kamba. Ndiema hata hakuinua kichwa.

Kamau alileta gari mpaka ukingo wa uwanja, akalielekeza kule, akazima injini. Nikashika maiki. Nikamwita kwa jina, nikamwambia mama yako yuko hapa shule, mzima, toka hapo. Na alinisikia, vijana. Nilimwona akisimama wima. Alilitazama gari, akalitambua. Kisha akainua mkono mmoja polepole, vile mtu huinua mkono kumshukuru aliyempa pole, akainama akaendelea kuchimba.

Maneno yalikuwa yanamfikia vipande vipande, lakini sauti ilimfikia nzima, na sauti yangu tangu utoto wake alikuwa ameisikia ikisema jambo moja tu. Ningesema nini kwa sauti hiyo akaniamini? Bonge lingine likaanguka nyuma yake, kubwa.

"Nipatie hiyo kitu," Kogo akasema. Walikuwa wamembeba na kiti chake. Hajawahi kushika maiki maisha yake yote, aliishika kama mwiko. Nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Ndiema!"

Jembe likasimama hewani.

"Wewe Ndiema! Nani alikutuma uingie kwa matope na viatu ya kanisa?"

Alituangalia. Hata kwa umbali ule niliona mabega yake yameshuka, na jembe likamtoka mkononi. Akakaa pale pale kwenye matope akafunika uso.

"Usikae! Inuka! Mimi niko hapa, nimekula, wewe ndio hujakula. Inuka, pitia kwa majani. Si hapo. Kwa majani, upande wa mkono wa kula. Eeh. Polepole. Nakuona."

Aliinuka. Alianza kutembea akiufuata ule mdomo wa mama yake, akianguka na kuinuka, na Kogo akimgombeza kila hatua, machozi yakimtiririka na sauti haitetemeki hata kidogo. Nilinyoosha mkono kumpokea maiki, nikidhani amechoka. Alinipiga kofi mkononi. Hakuiachilia mpaka mguu wa mwisho wa mtoto wake ulipotoka kwenye matope na kukanyaga majani.